Koki ya kurekebisha maji ya kutupwa kwenye RO ya nyumbani: nani aifunge, nani aiache dukani

Maduka ya vichujio vya maji yanauza koki ndogo ya plastiki, ya mpira wa robo inchi, kwa jina la "ristrikta ya kurekebisha". Ina kitasa cha kuzungusha, mshale unaoonyesha maji yanakoelekea, na ahadi moja tu: mashine yako ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha kupitia utando ili chumvi ibaki nyuma, itamwaga maji machache zaidi. Ahadi hiyo ni ya kweli. Kisichoandikwa kwenye pakiti ni kwamba lita unazookoa zinadaiwa na membreni, yaani huo utando, na deni linakuwa kubwa au dogo kulingana na maji yanayoingia. Hapa tunaipima koki hiyo pamoja na ndugu zake wawili, ristrikta ya kipimo kimoja na ile yenye mkono wa kusafishia, kwenye mashine ya kawaida ya hatua tano: chujio la mashapo, makaa mawili, membreni, na makaa ya mwisho, ikiwa na pampu ya kuongeza presha na tangi la chini ya sinki.

Membreni haichuji kama kitambaa cha tui. Maji yanapita juu ya utando, sehemu inapenya, na iliyobaki inasomba chumvi kwenda nje. Ristrikta hubana hiyo njia ya kutokea ili presha ijengeke ndani ya kopo lenye membreni. Iondoe, maji yote yatakimbilia kwenye mfereji na bomba la maji safi litadondosha matone. Izibe, chumvi itakosa pa kwenda na itaganda palepale juu ya utando. Koki nzuri ni ile inayokaa katikati ya hayo mawili na isihame usiku ukiwa umelala.

Tuanze na namba, kwa sababu wengi huzungusha kitasa kabla hawajajua mashine yao ilikuwa wapi. Membreni iliyoandikwa 75 GPD ina maana ya galoni 75 za Marekani kwa siku, yaani lita 284, sawa na mililita 197 kwa dakika. Ya 50 ni mililita 131, ya 100 ni 263. Hizo ni namba za maabara. Filmtec, watengenezaji wa membreni, kwa mfano, wanaipima yao ya 75 kwa presha ya psi 50 (bar 3.4), maji ya nyuzi 25, chumvi miligramu 250 kwa lita, na asilimia 15 tu ya maji ndiyo inayopenya. Hiyo asilimia 15 isomwe mara mbili. Maana yake ile sifa ya kuzuia asilimia 98 ya chumvi imepatikana huku lita 5.7 zikimwagwa kwa kila lita 1 iliyokunywika. Ukiibana mashine ikamwaga lita 1 tu kwa kila lita 1 ya kunywa, usitegemee namba ileile ya kwenye lebo.

Ristrikta ya kipimo kimoja nayo ina maandishi yake: 300, 450, 800. Hizo ni mililita kwa dakika kwenye presha iliyokusudiwa. Ukiigawanya kwa uwezo wa membreni unapata uwiano bila kufungua chochote. Membreni ya 75 na ristrikta ya 300 ni karibu lita 1.5 za kutupa kwa 1 ya kunywa. Na 450, ni 2.3. Na 800, ni 4. Hapa ndipo kosa linalojirudia kuliko yote linapoingia: mtu anabadilisha membreni ya 75 kwa ya 100 ili tangi lijae haraka, anaiacha ristrikta ya 300, na bila kujua ameshusha uwiano hadi 1.1 kwa 1. Tangi linajaa haraka kweli, kisha kasi inapungua mwezi hadi mwezi, na lawama inaangukia membreni kwamba ni feki. Ungekuwa umenunua ristrikta ya 800 siku ileile, uwiano ungekuwa 3 kwa 1.

Sasa upande wa hasara ya kubana. Kama karibu chumvi yote inazuiliwa, maji ya kutupwa yanabeba chumvi mara 1.25 ya yaliyoingia ukiwa kwenye 4 kwa 1, mara 1.5 kwenye 2 kwa 1, na mara 2 kamili kwenye 1 kwa 1. Ukienda mbali zaidi, lita nusu ya kutupa kwa lita 1 ya kunywa, ni mara 3. Kutoka 4 hadi 2 gharama ni ndogo na maji yanayookolewa ni mengi. Kutoka 2 hadi 1 mambo yanageuka.

Chukua nyumba inayotumia lita 15 za maji ya RO kwa siku, kunywa na kupikia. Kwenye 4 kwa 1 inamwaga lita 60. Kwenye 2 kwa 1, lita 30. Hiyo ni tofauti ya lita 900 kwa mwezi, madumu 45 ya lita 20, na anayenunua maji kwa dumu hahitaji kuelezwa zaidi. Kushuka tena hadi 1 kwa 1 kunaokoa lita 450 tu zaidi, huku mzigo wa chumvi kwenye utando ukipanda kuliko ulivyopanda mwanzo. Kwa hiyo kwa maji laini tunasimama kwenye 2, na kwa maji magumu tunarudi 3.

Laini na magumu havipimwi kwa kalamu ya TDS. Kalamu hiyo, kipimo cha kuchovya kwenye maji, inahesabu chumvi zote kwa jumla. Haitofautishi chumvi ya kawaida, ambayo itasombwa bila matata, na kalisi, ambayo ndiyo inayoganda. Tazama ndani ya birika: ukoko mweupe mgumu ni kalisi. Sabuni isiyotoa povu ni dalili nyingine. Vipande vya karatasi vya kupimia ugumu vinauzwa, na mpaka wa kukumbuka ni miligramu 170 kwa lita. Juu ya hapo watengenezaji wengi wanashauri maji yalainishwe kabla ya kufika kwenye membreni. Visima virefu vya ukanda wa pwani, vinavyochota kwenye miamba ya matumbawe, mara nyingi vina kasoro zote mbili, chumvi na ugumu. Maji yenye ugumu wa 300 ukiyabana 1 kwa 1 yanatoka na 600. Kwa nyumba kama hiyo koki ya kurekebisha haina kazi, iache dukani. Maji ya mto au bwawa, kama yale ya Ndakaini yanayofika Nairobi, ni habari nyingine: hapo 2 kwa 1 inakaa vizuri na hata 1.5 si uzembe.

Kwenye maji ya chumvi nyingi kuna kikwazo cha pili, na hiki hakihusu kuganda. Kila miligramu 1000 za chumvi kwa lita zinasukuma nyuma kwa takriban bar 0.7. Kisima chenye 2000, ukibana 1 kwa 1, mwisho wa membreni maji yana 4000, yaani bar 2.8 za kurudisha nyuma. Pampu yako ikitoa bar 5, zimebaki 2.2, na bado hujatoa presha ya tangi. Utaona kitu cha ajabu: unabana koki, maji ya kutupwa yanapungua, lakini ya kunywa hayaongezeki na kalamu inapanda.

Floraidi ni suala la peke yake. Kuanzia miteremko ya Meru kule Arusha hadi Nakuru, watu wengi wananunua RO kwa sababu hiyo tu, wakitaka kushuka chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kinachovuja kupitia utando hufuata wastani wa chumvi iliyo juu yake. Kwa hesabu, 1 kwa 1 inavujisha karibu robo zaidi ya 4 kwa 1, kabla hujahesabu uchakavu. Kwa maji yenye floraidi baki 3 kwa 1 na upeleke sampuli maabara, maana kalamu ya TDS haiwezi kuitofautisha floraidi na chumvi nyingine. Maji ya kutupwa hapo yana floraidi nyingi kuliko ya bombani. Yapige deki, yamwage chooni. Usiyape mifugo, wala usiyaache kwenye ndoo ambayo mtoto atachota.

Kabla ya kugusa koki, angalia presha. Membreni hizi zinataka walau bar 2.8. Simtanki lililo mita 3 juu ya sinki linatoa bar 0.3, hakuna koki duniani itakayorekebisha hilo. Mashine isiyo na pampu chini ya simtanki itamwaga lita nyingi kwa kila lita moja ya kunywa, na muuzaji atakuuzia koki kama dawa. Dawa ni pampu. Hata yenye pampu inadanganywa na chujio la kwanza likiziba kwa tope: presha inashuka, maji safi yanapungua, uwiano unaonekana mbaya, mtu anabana koki. Badilisha chujio kwanza. Geji ndogo ya presha kwenye mdomo wa kuingilia membreni ina thamani kuliko koki yenyewe; ikisoma kati ya bar 4 na 6 pampu ikiwa inafanya kazi, uko salama.

Kupima kunachukua nusu saa. Funga koki ya juu ya tangi, fungua bomba la maji safi, iache mashine ifanye kazi dakika 15. Maji ya kwanza baada ya kulala huwa na chumvi iliyojipenyeza mashine ikiwa imezima, na mashine inayojisafisha yenyewe kila inapowaka hutoa mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Usipime wakati huo. Kisha chukua jagi mbili zenye alama, moja chini ya bomba la maji safi, nyingine chini ya mpira wa kutupia, dakika moja kamili kwa simu. Tuseme umepata 180 na 540: ni 3 kwa 1. Bana koki robo ya mzunguko, subiri dakika kumi, pima zote mbili tena. Zote mbili, kwa sababu ukibana presha inapanda na maji safi nayo yanaongezeka kidogo. Yakifika 190, lengo lako la 2 kwa 1 si 360 tena bali 380.

Kalamu ya TDS inakusaidia kujihakiki. Maji yanayoingia yakiwa 600 na ya kunywa 30, kwenye 2 kwa 1 maji ya kutupwa yanapaswa kusoma karibu 885: zidisha 600 kwa 3, toa 30, gawanya kwa 2. Ukipata 700, uwiano wako si ule unaoudhani. Rudia kipimo cha jagi mbili kabla ya kugusa kitasa. Andika namba hizo kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa kabati, pamoja na tarehe na presha. Fundi atakayekuja mwakani atakushukuru, au angalau hatakuongopea.

Jambo moja linaudhi kwenye matangazo yote ya koki hizi: uwiano wanaoutaja ni wa bomba likiwa wazi. Nyumbani maji yanaingia kwenye tangi lenye hewa, na tangi linasukuma nyuma. Presha halisi juu ya utando ikipungua nusu, maji safi nayo yanapungua nusu huku ya kutupwa yakiendelea kama kawaida, na 2 kwa 1 yako imekuwa 4 kwa 1 kwa muda huo. Pima hewa ya tangi likiwa tupu kabisa; iwe psi 7 hivi. Halafu acha tabia ya kuchota kikombe kimoja kimoja mashine ikawa inajazia juu siku nzima, kwa sababu sehemu ya mwisho ya tangi ndiyo ghali. Kuna pampu ndogo isiyotumia umeme, inayoendeshwa na nguvu ya maji ya kutupwa yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Aquatec ndio wanaojulikana nayo. Inafanya kazi, ila vipuri vyake huku si vya kupatikana dukani kwa siku moja.

Na kama mpira wa kutupia unaendelea kutiririka saa nzima baada ya tangi kujaa, hilo si suala la uwiano. Ni solenoidi, valvu ya umeme ya kukata maji, isiyofunga, au valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye shingo ya kopo la membreni imechoka, na tangi linarudisha maji safi nyuma. Kagua hizo mbili kwanza. Hapo ndipo lita nyingi zinapopotea, na kipuri chake ni cha bei ndogo.

Tukirudi kwenye koki yenyewe. Udhaifu wake wa kwanza ni wembamba wa njia yake: sindano ya ndani inaacha upenyo mdogo sana, na unga wa makaa au punje moja ya ukoko inatosha kuuziba. Ristrikta ya kipimo kimoja yenye mrija mrefu wa kapilari huvumilia uchafu zaidi. Pili, mtikisiko wa pampu huzungusha kitasa taratibu. Chagua yenye nati ya kufungia kitasa, na kama haina, chora mstari kwa kalamu ya wino kati ya kitasa na mwili wake. Tatu, haina kizuizi cha mwisho: inafunga hadi sifuri. Mtoto au mgeni mwenye mkono mwepesi anaweza kuua membreni kwa kuzungusha mara moja.

Ndiyo maana hatushauri kuifunga badala ya ristrikta iliyopo, wala kuifunga kwenye mstari mmoja nayo. Kwenye mstari mmoja inaweza kubana tu, haiwezi kuongeza, na bado inafika sifuri. Ifunge sambamba: kiungo cha T kabla ya ristrikta ya 300, kingine baada yake, koki kwenye njia ya pili. Sasa ukiifunga kabisa bado mililita 300 zinapita, na ukiifungua unaongeza kadiri maji yako yanavyotaka. Kwa membreni ya 75 umepata uhuru wa kutoka 1.5 hadi 4 kwa 1 bila njia ya kuharibu. Maji yakibadilika masika au kiangazi, unafuata. Hii ndiyo namna pekee ambayo koki hii inastahili nyota nne. Ikifungwa kama pakiti inavyoelekeza tunaipa mbili.

Ile ya 800 yenye mkono wa kusafishia ni chaguo zuri kwa asiyetaka hesabu na ana membreni ya 100. Mkono ukiwa upande wa kusafisha, maji yanapita bila kubanwa na kufagia uso wa membreni. Dakika moja kila wiki inatosha. Sahau kuurudisha, na asubuhi tangi ni tupu na mfereji umekunywa maji ya usiku mzima.

Kuifunga si kazi ya kuita fundi. Zima umeme, funga maji ya kuingia, fungua bomba la sinki presha iishe. Kata mpira wa kutupia, ule unaotoka kwenye kopo la membreni upande wenye matundu mawili na usio na valvu ya kuzuia kurudi. Kawaida ni mweusi au mwekundu, lakini fuata tundu, usifuate rangi. Kata kwa wembe mkali, mraba, kwa sababu mpira uliokatwa mshazari huvuja kwenye kiungo. Sukuma hadi ugonge mwisho, sentimita 1.5 hivi, kisha vuta nyuma kuhakikisha umeshika. Mshale uelekee kwenye mfereji. Anza na koki ikiwa wazi kabisa, ndipo uwashe pampu, na weka karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo. Irudie kesho yake. Na usirudishe mpira huo kwenye simtanki kwa kisingizio cha kuokoa maji: chumvi iliyotolewa inarudi kuingia, na ndani ya siku chache kalamu itakuonyesha tangi zima limepanda.